Rudisheni Kapu

Majina ya waigizaji yalipoanza kupanda kwenye skrini, shangazi yangu aliuliza sehemu ya pili iko wapi. Nikamwambia haipo, imeishia hapo. Akanitazama kama mtu aliyelipia mkate mzima akapewa nusu. "Baba, sasa hawa wamepatana au hawajapatana?"

Filamu yenyewe ni You Can Count on Me, ya Mmarekani Kenneth Lonergan, iliyotoka mwaka 2000. Swali la shangazi ndilo limenikalisha kuandika. Sigombani naye. Aliuliza kwa nia njema, tena alikaa dakika zote 111 bila kugusa simu, jambo linalowashinda wengi wanaojiita mashabiki wa sinema. Ninaogombana nao ni wale waliokwisha kumjibu kabla yangu.

Hao wako makundi mawili. Kundi la kwanza linaisifu: ni filamu tamu ya undugu, inatukumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, itazameni na watoto. Kundi la pili linailaumu: dada na mdogo wake wanakutana, wanagombana, wanaachana, hakuna kilichotengenea, karibu saa mbili zimepotea bure. Ukiwasikiliza juu juu utadhani wanapingana. Mimi nasema ni watu wa nyumba moja. Wote waliingia na kapu.

Namaanisha kapu la ile methali: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ni methali nzuri kwa jirani mwenye kiherehere, maana inamkataza kujitia katikati. Lakini ndani yake mna ahadi tusiyoikagua, kwamba kupatana kutakuja tu, kama masika. (Na siku hizi hata masika yenyewe tunayajua.) Ahadi hiyo tumeifanya sheria ya kutazamia filamu. Ndugu waliotengana wakionana dakika ya kumi na tano, sisi tunaandaa kapu, tunasubiri wakumbatiane dakika ya tisini. Kwenye tamthilia zetu mpaka mahali pa kuvunia tunapajua: kitanda cha hospitali, dripu inaning'inia, mgonjwa anashikwa mkono, kinanda kinalia, nisamehe ndugu yangu, basi. Kundi la kwanza lilitoka kwa Lonergan na kapu tupu likajiaminisha kwamba limejaa. La pili liliona ni tupu, likadai kiingilio chake.

Tutazame kilichomo. Sammy na Terry Prescott ni yatima. Wazazi wao walikufa kwa ajali ya gari wao wakiwa wadogo. Sammy, anayechezwa na Laura Linney, amebaki katika nyumba ya wazazi huko Scottsville, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la New York. Anafanya kazi benki, anasali kanisani, anasafisha makaburi ya wazazi, anamlea peke yake mwanawe wa miaka minane, Rudy. Terry, anayechezwa na Mark Ruffalo kabla jina lake halijawa la kujaza majumba ya sinema, amekuwa mtu wa njiani. Amepita Alaska, amepita Florida, kibarua hapa, ugomvi pale. Barua zilikatika. Siku moja inafika moja inayosema anakuja, na Sammy anafurahi kama mtoto aliyeuona mwezi wa Idi.

Wanakutana mkahawani. Baada ya kukumbatiana, Terry hana la kusema. Anazungukazunguka, maneno yanamkwama, mwishowe yanatoka: anahitaji pesa. Na jingine linafuata, kwamba ukimya wake ulikuwa wa jela, Florida, kwa sababu ya vurugu za baa. Sammy anafoka mbele ya wateja wengine. Alikuja kumpokea mdogo wake, akakuta mkopaji. Na yeye, kwa kejeli ya mwandishi, ni mwanamke ambaye kazi yake pale benki ni mikopo.

Hapa Kiswahili kinaona mbali kuliko Kiingereza cha filamu yenyewe. Neno letu kupatana ni la nyumbani, lakini ni la sokoni pia: watu hupatana bei. Aliyewahi kununua kitambaa Kariakoo anajua mambo yanavyokwenda. Huyu anataja, yule anacheka, huyu anajifanya anaondoka, yule anamwita. Mkimaliza hampendani. Kila mmoja ameachia kidogo, na kila mmoja anakwenda zake akihisi amepunjwa kidogo. Kwa maana hiyo Sammy na Terry wanapatana tangu mkahawani, na hawaachi kupatana mpaka dakika ya mwisho. Dada anaweza kumudu mdogo wake kwa kiasi gani? Mdogo anaweza kuvumilia nyumba kwa kiasi gani? Sammy anatoa pesa. Terry anazituma Worcester, Massachusetts, kwa msichana aliyemwacha huko, ambaye amejaribu kujiua. Halafu, pasipo mtu kutarajia, yeye mwenyewe anabaki. Siku zinakuwa wiki. Bei inapanda na kushuka. Nyinyi wenye makapu mlikuwa mnangoja kupatana kwa aina moja, ndiyo maana hamkuliona hili la pili lililokuwa likiendelea mbele ya macho yenu filamu nzima.

Najua mtakachokimbilia. Mtasema undugu ni kufaana, si kufanana, kisha mtaniuliza Terry amefaa nini. Swali zuri. Jibu lake ndilo kiini cha filamu, na jibu hilo lina jina: Rudy.

Terry anamfundisha mtoto kushika nyundo na kupigilia misumari. Usiku mmoja anamtorosha kitandani na kumpeleka baa kucheza biliadi. Anaongea naye kama mtu mzima, pengine kwa sababu yeye mwenyewe hajawa mtu mzima. Mtoto aliyelelewa kwa kufunikwafunikwa anakutana na mjomba asiyejua kufunika kitu. Na kitu kilichofunikwa kuliko vyote ni baba. Rudy amejitungia baba shujaa, mama yake hakuwahi kumvunjia hadithi hiyo. Terry anaivunja. Anampakia mtoto garini hadi Auburn, anamsimamisha mbele ya mwanaume aliyemzaa, na mwanaume yule anamkana mtoto hapohapo. Ngumi zinafuata. Polisi wanakuja. Sammy anaitwa kwenda kuwachukua.

Sasa, amefaa au hakufaa? Amemwambia mtoto ukweli ambao mama mtu hakuthubutu kuusema kwa miaka minane. Ameusema kwa njia ambayo mtoto ataibeba maisha yake yote. Yote mawili ni kweli, na hakuna mizani ndani ya filamu inayokwambia lipi zito. Methali ya kufaana inataka ndiyo au hapana. Lonergan hatoi. Mtu akija na kipimo cha manufaa atamfukuza Terry au atamtakasa, na kwa vyovyote atakuwa ametazama filamu nyingine.

Mwandishi huyu anakwepa hukumu kwa makusudi, tena ametuachia na kicheko juu yake. Sammy anamwomba mchungaji wake aje azungumze na Terry. Mchungaji anakuja, anaketi, anauliza maswali ya upole, mahubiri hayatoki. Baadaye Sammy mwenyewe anakwenda kwa mchungaji huyohuyo na dhambi yake, akitaka akemewe. Anataka kanisa liwe kali. Mchungaji anabaki mpole, na Sammy anakereka kama mtu aliyekwenda kwa daktari akanyimwa sindano. Anayecheza mchungaji huyo ni Kenneth Lonergan mwenyewe. Mwandishi na mwongozaji amejipa nafasi ya mtu anayeombwa hukumu na kukataa kuitoa, halafu watu wanaandika kwamba filamu haina msimamo.

Hiyo dhambi ya Sammy haina budi kutajwa, maana wapinzani wangu wenye akili zaidi hutokea hapo. Wanasema hivi: dada huyu ana uhusiano na bosi wake wa benki, Brian, mume wa mtu, ambaye mkewe ni mjamzito. Mwanaume mwingine amemposa, anamzungusha. Halafu mwanamke huyuhuyu anamwambia mdogo wake aondoke nyumbani kwa sababu hana adabu ya maisha! Huo si unafiki? Na huko si kumtupa ndugu?

Unafiki upo, sikatai, ingawa ni wa Sammy na si wa filamu. Matthew Broderick anamcheza Brian kama meneja wa kuchekesha, anayehangaika hata na rangi za skrini za kompyuta za wafanyakazi, na Linney anatuonyesha mwanamke anayejishangaa kitandani mwa mtu wa namna hiyo. Filamu imejitahidi sana kutuonyesha kwamba hawa wawili ni damu moja hata kwa uzembe. Tofauti yao haiko kwenye wema. Mmoja ana mtoto wa kumpeleka shule kesho asubuhi, mwingine hana. Kwa hiyo Sammy anapomwambia Terry aondoke, hasemi mimi ni bora kuliko wewe. Anasema bei imenishinda.

Kuhusu kumtupa, nendeni mkasikilize tena. Hamtupi. Anamweleza kwamba angeweza kupata mahali pake mwenyewe hapohapo mjini, wawe karibu, amwone Rudy. Ni ofa ya mezani, ya mtu anayetaka biashara isivunjike. Anayeikataa ni Terry. Hawezi kuishi Scottsville. Kisha anamwambia dada yake jambo ambalo kundi la kwanza hulisikia kama utamu na kundi la pili halilisikii kabisa: kwamba popote alipo, katika upuuzi wowote anaoufanya, humsaidia kujua kwamba dada yake yuko kule nyumbani, upande wake.

Maneno hayo yana uzito wa kutisha. Anachosema Terry ni kwamba anamhitaji Sammy awe pale ili yeye aweze kuwa kwingine. Wangekaa pamoja, kitu hicho kingekufa. Tumekwisha kuona kikianza kufa, kwa wiki chache tu za sahani zisizooshwa na mtoto anayerudishwa usiku wa manane. Umbali tuliodhani ni ugonjwa wa ndugu hawa ndio umekuwa ukiubeba undugu wao miaka yote. Mtu aliyekuja na kapu hawezi kulikubali hilo, kwa sababu kapu linadai watu wawe shamba moja.

Na methali ile, ukiitazama vizuri, ni ya watu wa shamba moja. Ndugu wanaogombana asubuhi na jioni wanakula sinia moja hawana budi kupatana, njaa itawapatanisha. Jirani anakwenda kulima kwa sababu anajua mpaka avune watakuwa wamecheka. Terry na Sammy hawana shamba la pamoja. Wana makaburi mawili ya pamoja.

Wengine watanivuta kwenye vitabu vitakatifu. Watataja mwana mpotevu wa Luka 15, wataniambia hadithi ya kurudi nyumbani ilikwisha kuandikwa na ina ndama na ngoma ndani yake. Isomeni. Anayekimbia kumkumbatia mpotevu ni baba. Kaka mkubwa anabaki nje, amenuna, baba anatoka kumbembeleza, na hadithi inakatika hapo kabla hatujajua kama aliingia. Yesu mwenyewe hakuwapatanisha wale ndugu. Kwa Prescott hakuna baba, alikufa barabarani. Mnataka Sammy awe baba na kaka mkubwa kwa wakati mmoja, achinje ndama na pia alipe deni la ndama.

Au Yakobo na Esau, katika Mwanzo 33. Wanakumbatiana, wanalia, picha yote ambayo mwenye kapu anaitaka. Geuza ukurasa. Esau anasema twende pamoja. Yakobo anasema tangulia, bwana wangu, watoto wangu ni wachovu, nitakufuata Seiri. Esau akashika njia ya Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Baadaye wanaonekana pamoja wakimzika baba yao Isaka. Nani atasema hawakupatana? Nani atasema walikaa pamoja? Hata Yusuf, ambaye Kur'ani imempa sura nzima yenye aya 111, hakuwafungulia ndugu zake mikono siku ya kwanza. Aliwapima, akawarudisha, akatia kikombe kwenye mzigo wa mdogo wake. Na upande wa Mwanzo, Yakobo alipofariki, ndugu zake Yusuf wakaingiwa na hofu kwamba sasa ndipo atakapolipiza. Walikuwa wamekwisha kusamehewa miaka mingi. Watu wa kale waliozitunza hadithi hizi walijua kuhusu ndugu mambo ambayo sisi, kwa kupenda kinanda, tumeyasahau.

Tunasahau hata filamu tunazozipenda. Rain Man ya mwaka 1988, yenye Oscar nne ikiwamo ya filamu bora, inatajwa kila mahali kama hadithi ya ndugu waliopatana. Charlie Babbitt anamtorosha Raymond, kaka ambaye hakujua yupo, kwa sababu baba amemwachia Raymond dola milioni tatu na yeye amempa gari kuukuu na mawaridi. Wanavuka Marekani kwa gari. Charlie anabadilika, ndiyo. Mwisho wake je? Raymond anapanda treni anarudi kwenye kituo alikotolewa, na Charlie anabaki stesheni. Kumbukumbu za watu zimewapakia wote wawili garini na kuwapeleka nyumbani. Treni ile wameifuta.

The Straight Story ya David Lynch, 1999, ni mfano unaoniuma zaidi kwa sababu ninaipenda. Imetokana na kisa cha kweli cha mwaka 1994: Alvin Straight, mzee wa miaka 73, macho mabovu, leseni hana, anapanda mashine ya kukatia majani kutoka Laurens, Iowa, mpaka Mount Zion, Wisconsin, zaidi ya kilomita 380, kumwona ndugu yake aliyepatwa na kiharusi. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi. Mnakumbuka wanaambiana nini wanapoonana? Karibu hakuna. Ndugu mtu anaitazama mashine, anauliza kama ni hiyo aliyojia. Ni hiyo. Wanakaa barazani, wanatazama juu. Ugomvi wenyewe hauelezwi kwa undani, hausuluhishwi, hauombewi radhi. Lynch ametumia filamu nzima kumfikisha mzee barazani, akazima kabla mtu hajavuna chochote. Wenye makapu wameisamehe kwa sababu wazee wanapendeza machoni. Terry ni kijana, anavuta bangi na anadaiwa, ndiyo maana hasamehewi.

Lonergan hakuteleza. Mwaka 2016 alirudi na Manchester by the Sea, ambamo mtu anaachiwa mtoto wa marehemu kaka yake na anakiri mwishoni kwamba hawezi, jambo lililompata zamani limemshinda. Watu walewale walisubiri apone. Hakupona. Mwandishi alipewa Oscar ya mswada asilia bora wa filamu, na bado kuna waliotoka ukumbini wakiuliza sehemu ya pili.

Lipo pia jibu la mkato, la barazani, ambalo silipi nafasi kubwa: hayo ni ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Neno ndugu kwetu ni pana mno, limetoka tumboni likafika kwenye mikutano ya chama, siku za Ujamaa kila mtu alikuwa Ndugu Fulani, kwa hiyo hakuna anayeweza kudondoka nje yake. Mtu anayesema hivyo aende mahakama ya mwanzo siku ya shauri la mirathi, akae benchi la nyuma, aangalie watu wa tumbo moja wanavyoingia kwa milango tofauti. Lugha yenyewe inatusuta. Hawaivi. Hawapikiki chungu kimoja. Wamenuniana. Maneno hayo hatukuyaagiza kwa meli. Na kila ukoo una Terry wake: aliyezamia Afrika Kusini akakatika, aliye kwenye kundi la WhatsApp la familia akisoma kila kitu bila kujibu, anayetuma mchango wa msiba kwa simu usiku uleule na haonekani makaburini. Mchango unafika, lakini. Watu wa kapu hawaandiki hilo kwenye daftari lao.

Shangazi yangu huyuhuyu na marehemu baba walikaa miaka sita bila kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Hakuna aliyewapatanisha, walijaribiwa na wazee wakashindikana. Siku moja tu baba alianza kumpelekea maembe, kwa mkono wangu, bila salamu. Shangazi alikuwa akirudisha ndoo imeoshwa. Mpaka wa kiwanja haujatatuliwa hadi leo.

Limebaki jambo moja, nalo ni la ufundi, lakini ndilo linalonifanya niseme kwamba mwisho wa filamu hii si pengo. Mwanzoni kabisa, baada ya ajali, askari anakuja kwenye mlango wa nyumba ya Prescott. Watoto wamo ndani na yaya wao. Askari anafungua kinywa kusema, na neno halimtoki. Hatulisikii, picha inakatwa. Filamu inaanza na mtu mzima aliyekuja kuleta neno akashindwa kulitoa. Inaisha kwenye benchi la kituo cha basi, Sammy analia kwamba anahisi hatamwona tena Terry, Terry anamhakikishia kwamba watakuja kuonana. Ndipo Terry anamuuliza dada yake kama anakumbuka walichokuwa wakiambiana kila mara utotoni. Dada anasema anakumbuka. Basi. Hawakisemi. Jina la filamu, lile unaloliona kwenye bango, ambalo kwa Kiswahili ningelisema unaweza kunitegemea, halitamkwi na mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho.

Fikirini mwongozaji mwingine angefanyaje hapo. Wangelitamka. Wangelitamka mara mbili, na ya pili muziki ungepanda. Nanyi mngelitia kapuni. Lakini ahadi ya watoto wawili yatima ikitamkwa na watu wazima waliokwisha kuangushana inageuka kuwa uongo, au dua. Isipotamkwa, inabaki kuwa kitu ambacho wawili tu duniani wanakijua, na kila mmoja amehakikisha mwenzake bado anacho. Basi linafika, Terry anapanda, anatazama nje ya dirisha. Sammy anaingia kwenye gari lake kwenda kazini.

Hayo yote sikumweleza shangazi. Ningeanzaje? Nilimwambia tu kwamba sehemu ya pili haipo. Akanyamaza, akakusanya maganda ya karanga kwenye kitenge chake, akasimama kama anayeaga, halafu akakaa tena.

"Hilo neno walilokuwa wakiambiana, ni lipi?"

"Halisemwi, shangazi."

"Eeh." Akatazama majina yanavyopanda. "Rudisha pale kwenye benchi."

Nikarudisha.